Daktari Vivuli na Figo Aliyoipima Mwenyewe

Marehemu ndugu yetu, Daktari Vivuli kwa wagonjwa na Kitinda Mimba kwetu nyumbani, alikuwa mwana wa fundi cherehani aliyeshona sare za shule tatu, na mjukuu wa mkunga ambaye hakuwahi kugongewa mlango akakataa kuamka. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, mtoto wa sita. Anayesoma haya ni dada yake wa kwanza. Mtamwia radhi akisoma ameketi. Miguu hii imeshawazika wadogo zake wanne.

Alianza shule Januari 1965, akijua tayari kusoma, kwa kuwa dada huyo aliyeishia shule ya msingi alikwisha kumfundisha. Hilo lisisahaulike. Jioni alimsaidia baba kuchora vitambaa kwa chaki. Siku moja alimkuta dada amelala sakafuni, akamzungushia chaki mwili mzima. Baba alipoingia akauliza, "Sasa hapa nikate gauni au shuka?" Baba huyo alikuwa na neno lake: "Kitambaa kikubwa si kitambaa kizima. Kishike kwenye mwanga kwanza."

Aliingia chuo cha udaktari mwaka 1978, kisha akafanya kazi miaka mingi katika chumba cha picha cha hospitali kubwa, ghorofa ya chini, penye baridi ya mashine hata jua liwe kali vipi nje. Alizipenda figo. Kabla mpasuaji hajatoa figo yenye uvimbe, yeye alipitia picha za skani kipande kwa kipande, akiizungushia mstari nyama ya ile itakayobaki, kama baba na chaki yake, akakadiria itabeba mzigo kiasi gani. Mwaka ukipita alimpigia mgonjwa simu: "Njoo tupime damu, nione kama nilisema kweli." Waliomkwepa aliwafuata hadi sokoni. Hata baada ya kustaafu, simu hizo hakuziacha.

Mwaka 1989 alimwoa muuguzi aliyemwambia mbele ya wagonjwa, "Unaona hadi maini ya watu, huoni shati lako umelivaa ndani nje?"

Februari 2021 uvimbe ulionekana kwenye figo yake ya kushoto. Katika chumba kile hakuna anayejisomea picha yake mwenyewe. Mwiko huo aliuweka yeye, na yeye akauvunja. Akaipima ya kulia, akasema, "Kubwa, nzuri. Ya kushoto toeni yote."

Binti mmoja, mwanafunzi wake aliyerithi kiti chake, alibisha. "Kubwa ndiyo, Mwalimu, lakini dawa ya kung'arisha picha imeshika kidogo mno. Nyama yake imechoka. Watoe uvimbe tu, sehemu ya kushoto itakayobaki ikusaidie."

"Nimesoma figo kabla hujazaliwa."

"Za watu wengine, Mwalimu."

Mpasuaji, naye mwanafunzi wake wa zamani, alimtii mzee. Haikupita miezi minane figo ya kulia ikalemewa, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa zaidi ya miaka mitatu. Dada alikaa kando yake akifuma, mashine ikinguruma. Siku moja alimuuliza, "Hivi baba alisemaje kuhusu kitambaa?" Dada hakurudia swali. Wote wawili walikuwa wamechoka, hata kiburi kiliwachosha kukibeba.

Alifariki tarehe 3 Juni 2025, alfajiri, moyo ukiwa umeelemewa. Ameacha mke, wana wawili, mjukuu mmoja na dada. Alale sasa, pasipo sindano wala mashine.

Wiki moja kabla ya kifo alimwita yule binti kitandani. "Kuna wagonjwa wangu hawajapigiwa simu ya mwaka. Wapigie. Na picha yangu waonyeshe wanafunzi."

"Nifute jina?"

"Liache. Andika kadirio langu, chini yake andika lako. Kisha waulize nani kati yetu alishika kitambaa kwenye mwanga."

"Kitambaa gani, Mwalimu?"

Akanigeukia. "Dada, mweleze. Na usichoke kumweleza."