Betri Chini ya Blanketi

Mkunga alikuwa akisinzia ndani ya basi aliposikia sauti ya mwanamume kiti cha nyuma. "Mimi ikiwa kwenye chaji naifunika blanketi, isipigwe na baridi."

"Utaipika, ndugu yangu," akajibu fundi baiskeli aliyeketi naye. "Betri ikichajiwa hupata joto. Iache wazi ipumue. Wala usingoje iishe kabisa ndipo uichaji."

"Mbona usiku naamka kuipapasa, nione kama ina homa?"

"Amka uichomoe basi, ikishajaa."

Mkunga akageuka. Mwanamume amepakata betri ya baiskeli ya umeme, mkono mmoja chini, mwingine mgongoni. Ni baba wangapi amewafundisha kupakata mtoto hivyo wakashindwa?

Basi likasimama, ubishi haujaisha. Mwenye betri akashuka taratibu, ameikinga jua kwa koti. "Usiifunike, bwana," fundi akamwambia dirishani. "Na hili jua je?" akauliza mwenye betri.

Hapo mama aliyekuwa kando ya mkunga, kichanga kifuani, akainuka akimtazama mwenye betri kule chini. "Dada, nishikie mtoto nishushe mabegi. Baba yake keshambeba mdogo wake."