Ufunguo wa Chumba cha Maji ya Kijani

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Wakuu wa Idara ya Mimea na Idara ya Wanyama, mliokaa meza moja bila kuangaliana, walimu wenzangu, wanangu na wajukuu zangu, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote.

Kabla sijafika mbali, naomba kila meza itikise ile chupa ya maji ya kijani, kisha iirudishe palepale. Si juisi, shemeji, weka glasi chini.

Humo wamo mwani wa seli moja, niliowalea tangu nilipoajiriwa hapa. Kila mmoja ana mjeledi, uzi mwembamba anaoupigapiga majini ili asogee. Wako wenye mmoja, wako wenye miwili, na wako waliouzungusha mmoja kiunoni kama mkanda. Ubongo hawana, lakini wengi wana doa jekundu linalowasaidia kujua mwanga unatoka wapi, na kwa mwanga huo hujipikia chakula kama jani lolote.

Hapo ndipo mzozo ulipoanzia. Mimi nastaafu leo, na chumba ninamowalea kinahitaji mwenyewe. Idara ya Mimea imesema, "Hao wanaogelea, wapelekeni kwa Wanyama." Idara ya Wanyama ikajibu, "Hao ni wa kijani, warudisheni kwa Mimea." Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa kwetu fahali wanapishana kwa adabu, "tafadhali, tangulia wewe," na nyasi zinaumia vilevile. Asipopatikana wa kuwapokea, Jumatatu chupa zote zitamwagwa kwenye sinki. Jamani, tangu lini mwenye kiu akaulizwa ukoo wake kabla ya kupewa maji?

Mwaka ule nilipofiwa na mume wangu, nilikaa nyumbani muda mrefu. Huku nyuma akaja fundi wa rangi, akafunika rafu zangu kwa turubai zito, akalisahau. Niliporudi, maji yalikuwa yamepauka kabisa. Fundi, maskini, akasema, "Mama, hawa wamekufa, nikusaidie kumwaga?" Nikaweka tone moja kwenye hadubini. Walikuwa wanaogelea! Kijani kiliwatoka gizani, wakaishi kwa kufyonza chakula kilichokuwa majini, kama ambavyo baadhi yao huweza. Nililia siku hiyo, na kilio chenyewe hakikuwa cha chupa. Niliwasogeza dirishani, na rangi ikarudi polepole. Yangu pia ilirudi, ingawa mimi nilichelewa zaidi.

Sasa, wakuu wangu, hebu itazameni chupa yenu. Mlipoitikisa ilikuwa kijani kote, sivyo? Kijani kimeanza kujikusanya upande wa dirisha. Wasio na ubongo wamekwisha kukata shauri, sisi wenye shahada bado tunaandikiana barua.

Nimeagizwa ufunguo wa chumba niuache getini. Mlinzi ni rafiki yangu, lakini yeye si idara. Basi nauweka hapa mezani, katikati yenu wawili.

Nawashukuru kwa miaka mliyonivumilia, kwa keki, na kwa saa ya ukutani, ingawa mstaafu sijui aiangalie ya nini. Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Nakwenda kukaa, lakini macho yangu yako kwenye ufunguo, na atakayeuchukua sitamuuliza kama yeye ni wa Mimea au ni wa Wanyama.