Wali wa Mak Senah

Hebu fumba macho kidogo, uione kona hii. Ni saa moja na nusu asubuhi katika mji wa Teluk Intan, hatua chache tu kutoka kwenye ule mnara wa saa ulioinama. Mbele ya mgahawa wa kahawa kuna benchi refu la mbao, na kwenye benchi wamekaa wazee watatu. Wa kwanza ni Pak Derus, aliyesambaza barua mjini hapa miaka thelathini na moja, na wenzake humwita Posta. Wa pili ni Velayutham, dereva wa treni mstaafu, huyo ni Breki. Wa tatu ni Seng Huat, fundi wa saa, ambaye hajawahi kunyamaza kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja, basi wakambatiza Redio. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa kijani, Mak Senah anauza wali wa nazi uliofungwa katika jani la mgomba, na pembeni yake pilipili ya dagaa, karanga na nusu ya yai. Kila mzee ana kifurushi chake mapajani. Hakuna hata mmoja aliyekifungua.

— Leo sikifungui hapa, — alisema Redio, akimimina kahawa kwenye kisahani ipoe. — Nitakula nyumbani, kwa nafasi.

— Hata mimi, — alisema Breki. — Nyumbani ndiko kuna utulivu.

Wiki ya saba sasa Pak Derus alikuwa akichukua kifurushi chake, anapita nacho kando ya mto, anatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, kisha anawamwagia kambare. Siku moja wali ulikuwa na chumvi ya kutosha kukausha samaki. Siku ya pili haukuwa na chumvi kabisa. Na kila asubuhi Mak Senah humuuliza, "Cha jana kilikuwaje, Pak?" naye hujibu, "Kitamu, Mak. Kidogo nile na jani lake." Angejibu nini? Kwa miaka ishirini mama huyu alimlisha. Mkewe Pak Derus alipofariki, vifurushi vya Mak Senah vilikuja mlangoni siku arubaini bila kuitwa.

— Semeni kweli, — Pak Derus alisema kwa sauti ya chini. — Nyie mnaula ule wali?

Breki alijikuna sikio.

— Kuku wangu wanaula, — alisema hatimaye. — Na wao siku hizi wananikwepa.

— Kumbe! — Redio alipiga paja. — Mke wangu anauosha kwenye chujio, anaukaanga upya na yai na vitunguu. Nikadhani ulimi wangu ndio umezeeka!

— Na wewe Posta? — aliuliza Breki.

— Kambare, — alisema Pak Derus, akiinamisha kichwa.

Walicheka kidogo, lakini kicheko kile hakikufika mbali. Wote walijua kwamba Jumamosi mjukuu wa Mak Senah anaolewa. Watu wa bwana harusi wanatoka Johor kwa basi, na Mak Senah ameapa kwamba kifungua kinywa chao, vifurushi mia mbili, kitatoka kwenye sufuria yake mwenyewe. Majirani watakata vitunguu, watakuna nazi, watafunga majani. Lakini neno la chumvi ni la mpishi mkuu peke yake. Huku hakuna mtu anayechovya kijiko katika sufuria ya mwenzake bila kuambiwa.

— Watu wa Johor hao, — alisema Breki. — Wana midomo mirefu. Watarudi kwao waseme bibi harusi katoka nyumba isiyojua kupika.

— Kosa ni nazi, — alisema Redio. — Amebadilisha muuza nazi. Zile mpya zinatoka pwani kabisa, mnazi unakunywa maji ya bahari. Ndiyo maana chumvi.

— Na siku zisizo na chumvi? — aliuliza Breki.

— Siku hizo maji yamekupwa.

— We Redio, mnazi si mtumbwi!

— Basi ni dagaa. Umewaona wanavyoelea juu ya mafuta? Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Dagaa wale wametengenezwa kiwandani.

— Methali hiyo ni ya vyombo vya baharini, ndugu yangu, — alisema Pak Derus.

— Na dagaa wanatoka wapi? Mlimani?

Breki aliinua kidole, kama alivyokuwa akiinua kumwashiria mwenye bendera stesheni.

— Nisikilizeni mimi. Ni hizi simu. Tangu watu waanze kuzunguka miji yote wakitafuta vyakula, mwavuli wa Mak Senah umepigwa picha mara ngapi? Mia nane. Kila picha inaondoka na kitu. Ladha nayo ni kitu. Haba na haba, kibaba kimekwisha.

— Hapo umenena kitoto, — alisema Redio. — Sababu ninayo, ila sikutaka kuwatisha. Tazameni mnara.

Walitazama mnara.

— Umeinama?

— Umeinama tangu babu zetu hawajazaliwa, Redio.

— Na ardhi chini yake imeinama. Na jiko la Mak Senah liko juu ya ardhi. Chumvi yote inateremkia upande mmoja wa sufuria! Akichota upande wa mnara, bahari. Akichota upande wa soko, maji ya mvua.

Breki alifikiri sana. — Basi tumwekee kigae chini ya mguu wa jiko, — alisema, na ilionekana hatanii.

Wakati huo msichana mmoja mwenye begi mgongoni alivuka barabara akitoka kwa Mak Senah. Alikuwa na kifurushi mkononi na vumbi la safari viatuni.

— Samahani wazee wangu, naomba nafasi.

Walisogea, akakaa. Aliitwa Dayang, muuguzi kutoka Kuching, na likizo yake yote alikuwa akiizunguka miji midogo kwa basi, kila mji anakula kinachouzwa barabarani. Jana alikuwa Kampar. Kesho kutwa, Mungu akipenda, Taiping. Aliyasema haya huku akivua mpira uliokifunga kifurushi, na kabla Pak Derus hajapata neno la kumzuia, jani lilikuwa limefunguka mapajani mwake.

Wazee watatu waliacha kunywa. Ng'ambo ya barabara Mak Senah alinyoosha shingo, akatabasamu.

Dayang alitia tonge mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena, polepole zaidi. Akameza, akachukua glasi ya maji ya Breki bila kuuliza, akaimaliza.

— Pole, mwanangu, — alisema Pak Derus.

— Mnajua?

— Tunajua. Wiki saba sasa.

— Ni mnara, — alisema Redio.

— Ni simu, — alisema Breki.

Dayang aliwatazama mmoja baada ya mwingine, bila dharau, kama anavyowatazama wagonjwa wake asubuhi.

— Na yeye, nani amemwambia?

Redio alifungua mdomo. Watu wa kona ile wangekuapia kwamba hawajawahi kuuona mdomo ule ukifunguka na usitoe kitu. Breki alichungulia ndani ya kikombe chake, na kilikuwa kitupu.

Pak Derus aliinuka. Akavuka barabara na kifurushi chake. Alivuta kigoda chini ya mwavuli wa kijani, akalifungua jani mbele ya Mak Senah, akala tonge.

— Kitamu, Pak? — aliuliza Mak Senah, na macho yake yalikuwa usoni pake, yamekaza.

Neno lile la kila siku lilimjia mpaka kwenye meno. Pak Derus alilimeza pamoja na wali.

— Chumvi imezidi sana, Mak. Na pilipili imeungua.

Mak Senah alishusha mwiko. Akafuta meza iliyokuwa safi.

— Na jana?

— Jana haikuwamo kabisa. Nisamehe.

— Tangu ile homa ya mwezi wa tatu, Pak, ulimi wangu umekufa. Sukari, chumvi, mchanga, kwangu ni kitu kimoja. Nikasema, haidhuru, nitatazama nyuso za watu wangu. Jumatatu Redio alisema hajawahi kula kitu kitamu namna ile. Nikazidi kupika vilevile.

Pak Derus alikumbuka kambare wote wale, akaona aibu mpaka masikioni.

— Nilikuwa nachunga moyo wako, Mak.

— Moyo wangu mzima, Pak. Ulimi ndio umeharibika.

Alifunua sufuria ndogo ya pilipili, akachota kijiko, akampa mkononi.

— Onja hii. Na usinionee huruma.

— Inataka ukwaju.

Akatia ukwaju, akakoroga.

— Sasa je?

Pak Derus alionja tena, akafunga macho. Kule benchini Redio na Breki walikuwa wamesimama, na Dayang katikati yao.

— Bado, — alisema.

Mak Senah alicheka, na machozi yalikuwa karibu na kicheko. — Bado! Wiki saba sijaambiwa neno zuri hivyo. Jumamosi uje alfajiri, kabla ya watu wa Johor. Kaa karibu na sufuria, na useme bado mpaka isiwe bado.

Nawe uliyekaa nasi kwenye benchi hili asubuhi ya leo, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mpishi anapokuuliza kama chakula kimekolea, anaazima ulimi wako. Mwazime ulio wa kweli.