Kilo Mbili kwa Kila Gunia

Chamgei, hamjambo ndugu zangu. Leo nimeomba nafasi mwenyewe, mchungaji hakunisukuma.

Wengi mnanijua kama karani wa mizani ya majani chai. Mnacheka? Najua. Kila gunia nilikuwa natoa kilo mbili kwenye uzito ninaoandika, za gunia lenyewe na maji ya mvua. Mkono ulizoea.

Siku moja meneja alinituma kwenye kiwanja cha ndege cha shamba nipime magunia madogo ishirini ya chai kavu. Ndege ilikuwa ndogo, ya injini mbili, na rubani alikuwa binti. Nikapima na, kama kawaida, nikatoa kilo mbili kila gunia, ingawa chai ile haikuwa na tone la maji. Nikampa karatasi. Kilo arobaini zikapanda bila kuandikwa.

Ndege ilipoacha ardhi tu, injini ya kushoto ikanyamaza. Ile nyingine ilivuta, lakini ndege haikupanda. Iliangukia kwenye majani chai. Binti akatolewa hai, mguu umevunjika.

Nawaambia, injini sikuiharibu mimi. Lakini wachunguzi waliponiuliza, "Mzee, uzito huu ni kamili?" nilijibu, "Kamili." Basi wakasema kwa uzito ule ndege ingepanda hata kwa injini moja, kwa hivyo kosa ni la rubani. Akasimamishwa kazi.

Miezi saba nilikwepa Meza ya Bwana, nikalewa. Mke wangu akiniuliza ninaficha nini, namfokea.

Halafu binti akaja nyumbani kwa magongo.

"Mzee, sikuja kugombana. Hesabu ya karatasi yako nimeirudia mpaka nimechoka. Niambie tu, nilikosea wapi?"

Nikaanza habari za mvua na mahindi. Mke wangu akanikatiza: "Wewe mzee! Mjibu mtoto wa watu."

Nikamjibu: karatasi yangu ilipunguza kilo arobaini. Hakunitukana. Alikaa, akalia, akasema, "Kumbe mikono yangu haikukosea."

Kesho yake mke wangu alinisindikiza kwa wachunguzi. Kazi niliipoteza, na ni haki. Binti anarusha ndege tena.

Namshukuru mke wangu, na binti yule, na ninyi mlioketi nami nilipokuwa naacha pombe. Neno langu ni hili: kama kosa lako limebebwa na mtu mwingine, usingoje abishe mlangoni kwako. Nenda ukamtue.