Mchungaji Aliyebakiwa na Baraka Tu

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wake kwa sababu, wanavyodai, nina sauti.

Marehemu Mchungaji Audax Rwechungura alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 huko Kanyigo, mkoani Kagera, mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari Bukoba, ambako kwa maelezo yake mwenyewe alifaulu kila kitu isipokuwa mpira.

Mwaka 1977 alikuja Dar es Salaam akawa karani wa mizigo kule Kurasini. Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na Kokuberwa, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1986 aliacha ukarani akaenda chuo cha theolojia, na baba yetu hakusema naye mwaka mzima. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1991, na kuanzia 1994 hadi alipostaafu mwaka 2021 alitumika hapa Mbagala. Hakutoka nyumbani kwa mtu bila kutoa baraka, hata kama alikwenda kuazima nyundo. Jirani yake Bi Salma, ambaye ni Mwislamu, alizoea kumwambia afupishe, chai inapoa.

Tarehe 3 Machi 2022 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulipooza na maneno yakaondoka. Akili ilibaki nzima, tuliiona machoni mwake. Mtu aliyehubiri miaka thelathini alifungiwa ndani ya mwili wake, akitusikia sote, na sisi hatukujua pa kumfungulia.

Jumuiya yetu ya waumini ilihamishia ibada ya Jumamosi asubuhi chumbani kwake. Tarehe 18 Juni Mwinjilisti Lusungu alimaliza sala, na kwa mazoea tu akasema, "Mchungaji, tufunge kwa baraka." Kisha akajishika mdomo kwa aibu. Lakini kaka aliinua mkono wa kushoto, akaanza baraka, akaifikisha mwisho bila kukwama. Tulipiga vigelegele tukidhani amepona.

Hakuwa amepona. Alibakiwa na maneno hayo tu. Akitaka maji, yalitoka hayohayo. Novemba ile aliumwa jino, na kila alipojaribu kutueleza alitubariki. Siku tatu nzima sisi familia tulimwitikia amina mtu mwenye jino bovu. Nasema jambo hili mbele ya jeneza lake kwa sababu bado linaniuma. Lusungu ndiye aliyemtazama usoni akasema, "Hapa Mchungaji habariki, anaomba msaada."

Tangu hapo wanajumuiya walijifunza kumsikiliza kwa macho. Walimgeuza kitandani, walimnyoa, walimsomea magazeti, hawakukosa Jumamosi hata moja. Mchungaji Godlisten, aliyempokea usharika, alimletea Meza ya Bwana kila mwezi wala hakuwahi kumharakisha. Kuna siku kaka alikasirika akapiga ukuta kwa ule mkono mzima, naye Godlisten alikaa tu hadi hasira ikaisha. Tunasema asanteni, na tunajua neno halitoshi.

Wifi yangu alibaki na shauku moja. Wake wa wachungaji wengine huitwa Mama fulani. Yeye mumewe alimwita Kokuberwa, jina zima, hata mbele ya askofu. Sasa hakuitwa kabisa. "Nataka aniite mara moja tu," alimwambia Mchungaji Godlisten. "Nisije nikazika mtu aliyenisahau."

Jumamosi tarehe 7 Septemba 2024, Mchungaji Godlisten alifungua kitabu cha ibada mahali pa kufungisha ndoa. Alimsogeza wifi karibu na kitanda, akasoma kama anavyowasomea maharusi: "Mimi, Audax, nakuchukua wewe," akanyamaza. Kaka alimgeukia mkewe.

"Kokuberwa," alisema, "kuwa mke wangu."

Aliendelea mwenyewe, katika raha na taabu, hadi alipofika penye kifo. Hapo alinyamaza, na chumba kizima kikalia.

Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe. Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, sisi ndugu zake, na mjane aliyeniagiza niwaambie kwamba mkija kumpa pole msimwite Mama Mchungaji. Mwiteni Kokuberwa.

Kaka, umefunguliwa. Pumzika.