Vifaranga wa Siku ya Ishirini

Kosa langu la kwanza, ndugu zangu, lilikuwa kujivunia vifaranga waliotoka mapema. Yai la kuku huanguliwa siku ya ishirini na moja, kila mtu hapa Kumsenga anajua. Wangu walitoka ya ishirini, tena asubuhi. Nikadhani ni ufundi. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuharibu, hivyo hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba haraka ile ilikuwa dalili mbaya.

Wengi mmeiona mashine yangu ya kutotolesha: sanduku la mbao, balbu, feni ndogo, na kipimajoto ubavuni. Mwezi wa sita baridi yetu mnaijua. Niliogopa mayai yatapoa, nikalifunika sanduku kwa blanketi, nikaziba matundu ya hewa kwa matambara, nikajaza trei hadi mayai yakabanana. Kipimajoto kilisoma thelathini na saba na nusu, kama inavyotakiwa. Nilikikagua mara nyingi hadi mama yangu akaniuliza kama nimekioa.

Vifaranga wale niliwaleta kwenye banda la kikundi hiki cha wafugaji, na mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyewalea. Baadhi walifika vitovu vikiwa wazi. Wengine miguu ilitawanyika, hawakusimama. Waliopona walidumaa, na walipofika wiki ya tano matumbo yakavimba, wakaanza kufa mmoja mmoja.

Nawaambia nilichofanya, ingawa mlikuwepo. Nilisimama papa hapa nikasema ni uchafu wa maji. Kikundi kikamwondoa mama yule bandani. Hakugomba. Alinifuata nje tu, akaniita mwanangu kwa Kiha chetu.

“Sawa, mwana wanje. Msafi ni wewe. Kundi linalokuja fuga mwenyewe.”

Nikafuga. Nilichemsha maji, nilibadilisha maranda kila siku, nilinawa mikono kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Wiki ya tano matumbo yakavimba vilevile. Jirani yangu alichungulia bandani akasema, “Ee bwana, hata majogoo? Mimba hizi za nani?” Mnacheka, na mimi leo ningecheka. Siku ile nilimpasua mmoja aliyekufa, nikakuta tumbo limejaa maji ya manjano, na moyo umelegea.

Hapo ndipo ningepaswa kuja kukiri. Sikuja. Nilipanda gari hadi Kasulu kumlaumu aliyeniuzia mayai, hajati mmoja anayefuga kuku wazazi wa mbegu ya nyama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Mayai haya haya nawauzia na wengine, mwanangu, na kuku wao wazima. Hebu niambie, joto unapima la nini?”

“La mashine, hajati.”

“La mashine, au la ubao wa mashine? Yai lenyewe umewahi kulipima?”

Sikuwahi. Akanieleza taratibu, huku akipanga mayai. Kifaranga akishakuwa mkubwa ndani ya yai, kuanzia siku ya kumi na nane hivi, anatoa joto lake mwenyewe. Ukimfungia hewa na kumbananisha na wenzake, yai linapita joto la mashine. Anatoka kabla hajakomaa: kiini hakijaisha tumboni, kitovu hakijafunga, moyo ni dhaifu. Kuku wa nyama anaongezeka mwili haraka mno, moyo ule haumudu kusukuma damu, na maji yanajaa tumboni. “Unamwona anaumwa wiki ya tano,” alisema, “lakini aliumwa akiwa bado ndani ya yai, kwenye mashine yako.”

Kundi lililofuata, siku ya kumi na nane, niliegemeza kipimajoto kwenye ganda la yai. Kilipita thelathini na tisa. Kile cha ubavuni bado kilisoma vizuri kabisa. Nikakaa chini sakafuni. Si mayai niliyokuwa nayafikiria. Nilikuwa namfikiria mama niliyemwita mchafu mbele ya watu, ambaye alikuwa ameacha kuja kwenye mikutano.

Niliondoa blanketi, nikazibua matundu, nikapunguza mayai, na siku za mwisho nikashusha joto. Walitoka ya ishirini na moja. Sikuwapeleka bandani. Niliwabeba hadi mlangoni kwa mama yule.

“Umeniletea maiti wengine?”

“Sijui, mama. Naomba uwaangalie wewe. Wale wa kwanza niliwaua mimi.”

Akawageuza mmoja mmoja, akabonyeza vitovu, akawasimamisha mezani. “Hawa wamekomaa,” akasema. Aliwalea. Wachache walikufa, kama kawaida ya kuku, lakini hakuna aliyejaa maji.

Kwa hiyo leo nasema mbele yenu: uchafu haukuwepo. Kosa lilikuwa sandukuni mwangu. Namshukuru hajati ambaye hakunifukuza. Namshukuru jirani kwa mdomo wake. Mama, wewe nakushukuru kwa kuniachia kundi lile nifuge mwenyewe, maneno yasingenifundisha. Na ninyi wafugaji, kuku akiugua, kabla hamjamhukumu anayemlea, mwulizeni aliyemwangua.

Sasa hivi vifaranga hawaondoki kwangu mpaka mama huyu awakague. Akilikataa kundi, haliendi kwa mtu.