Nilivyoipita Kliniki ya Karibu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mniruhusu nitoe ushuhuda wangu hapa mbele ya kanisa.

Wengi mnanijua, Mama Ciku wa mtaa wa Noonkopir, yule wa kiwanda cha nguo. Msichojua ni kwamba niko na virusi vya UKIMWI. Nilipimwa miaka ile dawa zimeanza kutolewa bure. Hapa Kitengela zilikuwepo, lakini zangu nilizifuata Kajiado, nisionekane.

Nieleze polepole. Kwenda Kajiado ni nauli, tena ni siku nzima. Kiwandani ukikosa siku, kesho unakuta mwingine kwenye cherehani yako. Kwa hivyo nikiwa na nauli, sina ruhusa. Nikipata ruhusa, nauli imeshakuwa unga. Dawa zikaanza kukatika. Nikakonda. Kila aliyenitazama nilidhani anajua. Niliomba, nikafunga, na hofu haikuondoka.

Siku moja nimeketi kwenye benchi la kliniki kule Kajiado, leso imenifunika hadi macho, nikasikia, "Mama Ciku, hata wewe?"

Alikuwa Mama Mutua, jirani yangu mlango kwa mlango. Nilitaka kukimbia. Akanishika mkono, akaanza kucheka.

"Wewe, tumejificha mpaka tukapatana! Sasa sikiza. Twende kliniki ya Kitengela pamoja. Wakituona wawili, watajuaje nani anasindikiza nani?"

Ndugu zangu, Mungu alinitoa shimoni kwa neno dogo hivyo. Mwezi uliofuata tukaenda ya hapa, asubuhi kabla ya kazi. Langoni tukakutana na mama mmoja wa soko.

"Mnaenda wapi mapema hivi?"

"Namsindikiza huyu," tukajibu wote wawili kwa pamoja.

Yule mama alituangalia, akaenda zake. Sisi tukaingia tukijishika mbavu.

Tangu hapo dawa zangu hazijakatika. Sisemi nimepona, nilizimeza leo na kesho nitazimeza. Moyo bado hunidunda nikiliona lile lango. Lakini niko hai, namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Mutua, aliyeniruhusu nimtaje.

Najua kuna mmoja wetu hapa ambaye bado anaipita kliniki ya karibu. Sikuiti mbele. Mtegemee Mungu, kisha unipitie nyumbani, twende pamoja. Na wakiuliza mgonjwa ni nani, niachie mimi nijibu. Mimi wameshanijua.